Mudomo Wangu, Sauti ya Mwanaume

Jina jipya la ile televizyo sitaliandika hapa. Wana uwezo wa kujitangaza wenyewe. Mimi nitaiita kwa jina lake la kwanza, lile sisi watu wa Bukavu tuliloipa bila kuombwa: Dirisha.

Ilianza dirishani kweli. Pale Nyawera palikuwa na mufanyabiashara wa vipuri vya malori, yale malori yanayoteremka Bunyakiri na yale yanayozama matopeni njia ya Shabunda. Alipandisha parabole, lile sahani kubwa la kunasa picha za mbali, juu ya duka lake ili aangalie mupira wa Ulaya, na kwa sababu parabole bila watu wa kuiona haina utamu, akaweka televizyo dirishani, uso wake ukiangalia barabara. Jioni ya mupira barabara ilifungwa. Magari yalipiga honi, hakuna aliyesogea. Askari aliyetumwa kufukuza watu alifika, akasukuma wawili watatu, kisha akauliza nani anaongoza, akabaki.

Halafu akaja tonton, yaani mujomba, ndivyo wote tulivyomuita. Tonton alikuwa muzee aliyemaliza nguvu zake katika kazi ya redio, akarudishwa nyumbani bila hata aksanti. Yeye ndiye aliyekusanya vyuma na waya, akatengeneza mashine ndogo ya kurusha picha, akasimamisha antena juu ya paa la duka. Siku moja watu wa Ibanda wakawasha televizyo zao wakaona mupira uleule wa dirishani. Kadutu ilifika kwa wale wanaokaa juu ya mulima tu. Panzi walipata mvua nyeupe kwenye kioo na sauti ya mutu anayepiga kelele mbali. Hata hao wa mvua walisema: "Dirisha imefika kwetu." Hakuna aliyeketi mukutanoni kutafuta hilo jina.

Mwanzoni ilikuwa mupira wa miguu, wanaume na miguu yao. Lakini mwenye kuzaliwa Bukavu anajua kwamba hapa wasichana wanacheza basketi. Mimi nilicheza tangu mwaka wa pili wa sekondari, kwenye timu ya parokia yetu, mpaka tumbo langu lilipokuwa kubwa kuliko mupira. Timu za wanawake zikaenda kumuona patron wa Dirisha, yule mwenye duka, zikamuomba aonyeshe mechi zao za siku ya Mungu, yaani Jumapili. Akakubali. Kiwanja cha shule kilikuwa nyuma ya duka lake, tonton akapitisha waya juu ya ukuta, muchukua picha wa harusi akaleta kamera yake.

Mutangazaji wa mupira wa wanaume naye alikuja. Aliangalia wasichana wakipasha miili moto, akaangalia mikro, akacheka.

"Miye nitasemea babibi banarukaruka? Hapana, muzee. Batanicheka ku muji."

Akaiweka mikro kwenye benchi akaenda zake kunywa. Kwenye hilo benchi nilikuwa nimeketi mimi, mimba yangu ikiwa ya miezi ya mwisho, miguu imevimba. Mechi ilikuwa inaanza. Tonton akaichukua mikro akaniwekea mukononi.

"Shika, maman. Weye unabajua."

Sikujua kutangaza. Nilijua tu kumuelezea mutu mechi ambayo hakuiona, kama tunavyofanya kisimani na sokoni. Kwa hiyo nilisema kama tunavyosema. Na kwetu mwanamuke akishazaa, jina lake la shule linawekwa kabatini. Anaitwa mama wa mutoto wake, na anayelitumia lile la zamani ni mutu wa serikali au mutu anayetafuta ugomvi. Aliyezaa mapacha ni Mama Mapasa, na hicho ni cheo. Namba tisa wetu alikuwa Mama Mapasa. Basi nikasema:

"Mama Mapasa anashika balo! Mapasa walimukatalia kulala, lakini muangalie magoti yale! Anapita mumoja, anapita wa pili. Oh, yule wa pili ni bibi ya mwalimu wangu wa hesabu, pole mwalimu, leo utakula bugali baridi!"

Kesho yake, soko la Kadutu, muuza sombe, majani ya muhogo, alinishika mukono.

"We njo ulisemaka jana ku Dirisha? Bwana yangu alitaka kubadilisha. Nikamuambia: gusa ile butoni uone!"

Nikazaa. Mutoto wangu alipopata nguvu ya shingo nikarudi kiwanjani naye mugongoni. Alilia kwenye mikro, alicheua kwenye mikro, na watu wakanizoea hivyo. Nilipotangaza akiwa kimya, watu walisimama njiani kuniuliza kama ni mugonjwa. Musimu muzima nilifanya ile kazi. Mabibi waliosema televizyo ni ya bwana walianza kukaa mbele, kwenye kiti, na bwana akakaa pembeni.

Patron alifurahi. Alinisimamisha mbele ya duka, mbele ya watu, akanionyesha kidole:

"Maman, finale ya basketi iko yako. Hata nikufe, iko yako."

Hajafa. Ananenepa.

Baada ya hapo akaja bwana wa Kinshasa. Patron alimulipia ndege aje "kusafisha image" ya Dirisha. Tai, ambayo serikali iliikataza miaka mingi, ilikuwa imeruhusiwa tena si zamani, na yeye aliivaa kama mutu anayelipiza kisasi kwa miaka yote shingo yake ilipokaa wazi. Kwa patron alisema Kifaransa. Kwa tonton alisema Lingala, ile Lingala ya kuamuru, ambayo sisi wa huku tumeisikia zaidi kwenye vizuizi vya askari kuliko kwenye muziki. Kiswahili aliambiwa ndiyo lugha ya hapa, akasema sawa, kibaki kwa matangazo ya sabuni.

Mimi kubadilishiwa majina si jambo la kunishangaza. Nilibatizwa jina moja, na kabla sijajua kuliandika serikali ikakataza majina ya kizungu, nikapewa lingine, la nyanya yangu. Baba yangu alikwenda kazini asubuhi ni mutu fulani, akarudi mutu mwingine. Nchi ilibadilishwa jina, mto ukabadilishwa, hela ikabadilishwa, na shuleni tulifutiwa majina kwenye vitabu kwa raba mpaka karatasi zikatoboka. Tukaimba, tukacheza, tukapiga makofi. Kwa hiyo waliponiambia kwamba Dirisha itaitwa maneno matatu ya Kifaransa, nilisema haya, waiite wanavyotaka. Nilichotaka mimi ni finale yangu.

Bwana wa tai akaniita ofisini. Ofisi ilikuwa sitoo ya matairi iliyopakwa rangi. Patron alikaa pembeni, akijifanya anasoma.

"Madame, nani huyu Mama Mapasa?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Namba tisa."

"Kwenye lisansi yake, kadi ya muchezaji, hakuna jina hilo."

"Lisansi haijazaa mapacha."

Hakucheka. Akaniambia kwamba kuanzia sasa neno "mama" halitasemwa tena kwenye michezo. Muchezaji ni muchezaji, ana jina la familia na namba. "Hapa si maternité, si nyumba ya kuzalia," alisema, akimuangalia mutoto mugongoni kwangu kama mutu anayeona mbuzi kanisani.

Nikamuambia mimi nina diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, Kifaransa ninacho, anijaribu. Akawasha kaseti ya mechi, akanipa mikro. Nikatangaza kwa Kifaransa, majina ya familia, namba, kila kitu kama alivyotaka. Nilitangaza vizuri. Ninajua nilitangaza vizuri kwa sababu patron alisahau kujifanya anasoma.

Bwana wa tai akazima kaseti.

"Kifaransa hakina kosa. Lakini sauti ni ya soko."

"Na vile unakula pale hoteli vinatoka wapi?" nikamuuliza. "Vinaota kwenye sahani?"

Patron akanitoa nje haraka, mukono begani, sauti ya chini kama mutu anayebembeleza muteja.

"Maman, kuwa na uvumilivu. Ule mutu iko mugeni, ataenda. Siku ya kubatiza jina mupya, weye utafanya protokole pamoja na bale bamama bengine. Bakubwa batakuona, batakuzoea. Kisha finale tutaongea."

Protokole, kwa asiyejua, ni wanawake waliovaa kitambaa cha kikwembe cha namna moja, wanaosimama mulangoni kusema karibu, kisha wanabeba sinia. Kikwembe walikichapisha makusudi. Alama mupya ya televizyo ilikuwa mupira wenye mabawa. Ulifanana na kuku aliyevimba tumbo. Kuku hao walikuwa kila mahali, kwenye kifua, kwenye matako, wengine vichwa chini kwa sababu mushonaji hakujali.

Nilimuonyesha bwana yangu. Yeye ni mwalimu, mutu mupole, na upole wake siku nyingine unanichosha kuliko ukali wa wengine.

"Vaa tu," alisema. "Utaingia mulango ya nyuma, utatokea ku mikro."

Nikavaa. Nilitaka ile finale.

Siku ya ubatizo salle, ule ukumbi wa sherehe, ilijaa. Padri alibariki antena mupya. Wakubwa walikaa mbele, na sisi tulizunguka na sinia za bia na mishikaki. Mutoto nilimuachia dada yangu, kwa sababu protokole haibebi mutoto, hilo nalo waliniambia. Kisha taa zikazimwa, wakaonyesha filamu ya historia ya televizyo.

Eti patron aliota ndoto. Hivyo ndivyo ilivyosema: mutu mumoja, ndoto moja, na televizyo ikazaliwa. Duka halikuonekana. Vipuri havikuonekana. Barabara iliyofungwa na watu, askari, wauza karanga, hakuna. Tonton alionekana kidogo, mugongo wake, akipanda ngazi. Hawakusema ni nani. Ungefikiri ni fundi wa paa.

Kisha nikajiona. Kiwanja kilekile, benchi lilelile, mimi na mutoto wangu mugongoni, mikro mukononi, mudomo unakwenda. Nilikumbuka mechi ile. Nilikumbuka hata maneno. Ila kilichotoka mudomoni mwangu kilikuwa sauti ya mwanaume, nene, ya Kifaransa, ikisema kwamba michezo ni fahari ya taifa. Mudomo wangu unafunguka, mwanaume anasema. Mudomo unafunga, mwanaume anaendelea. Mutoto analia, unaona kabisa machozi, na hakuna kilio.

Salle ikacheka. Si kicheko kibaya, walicheka kama watu wanavyocheka kitu cha ajabu. Mukubwa mumoja karibu yangu alisema, "Uyu bibi iko na sauti ya adjudant ya jeshi!" Wakacheka tena. Na mimi nimesimama palepale, na kuku zangu, na sinia.

Nikaenda mpaka meza ya mbele.

"Patron, ule mudomo ni wangu."

"Maman, si sasa."

"Sauti yangu iko wapi?"

"Ilikuwa tatizo ya son, ya sauti tu. Usichafue siku ya batu."

Bwana wa tai hakuinua hata kichwa. "Madame, bia. Wageni wanangoja."

Basi nikampa bia. Niliweka sinia nzima juu ya magoti yake, chupa zote, zimejaa. Hakuweza kusimama wala kuachilia. Akabaki amezikumbatia kama mama mwenye mapacha.

"Finale ni yangu au si yangu?" nilimuuliza patron. "Ulisema mbele ya watu. Jibu mbele ya watu."

Aliangalia viatu vyake. Viatu vizuri, vipya.

"Tutaona," akasema.

Nikatoka. Kikwembe nilikivua nilipofika nyumbani, na sasa ninakifagilia majivu. Bwana yangu alirudi baada yangu. Alikuwa amealikwa kwa ajili yangu, akabaki kwa ajili ya mishikaki. Kichwani alikuwa na kofia yenye kuku.

"Balikuwa banabigawa ku mulango," alisema. "Ningekataa aje?"

 Kuna vitu ukivijibu utavunja sahani, na sahani zetu ni chache.

Finale ilichezwa kwenye kiwanja cha shule kilekile, parokia yetu na timu ya Goma. Mimi niliapa sikanyagi pale. Lakini jirani yetu, mujane anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, mama yake Mama Mapasa, miguu yake ilikuwa haimuruhusu tena kupanda Nyawera. Aliniita kwake, sebuleni, salon kama tunavyosema. Mapacha walikuwa wanacheza chini ya meza. Bwana yangu alikuja, bila kofia, nilikuwa nimemuonya. Majirani wakaingia mumoja mumoja, wenye kiti wakakaa, wasio nacho wakajaa mulangoni.

Televizyo ikapiga muziki mupya, kuku akaruka kwenye kioo, na sauti ya mwanaume ikaanza. Ilikuwa ileile ya mudomoni mwangu. Alisoma majina ya lisansi, marefu, ambayo hakuna mutu pale salon aliyewahi kumuita mutu kwayo. Picha ilikuwa na ukungu na namba hazikusomeka. Mujane alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

"Uyu anasemaka nini? Mwana wangu iko wapi?"

"Anasema muchezo ni wa hali ya juu," nikamuambia.

"Na mwana wangu?"

Hakuna aliyejua. Akanigeukia.

"Shusha ile sauti, semea weye."

Bwana yangu akashusha sauti kabla sijajibu. Wote wakanigeukia. Nikasema sentensi moja, kisha ya pili, kisha nikawa nimesimama, mutoto mugongoni, na nilikuwa ninaitangaza ile finale. Wachezaji nilijua kukimbia kwao, sikuhitaji namba. Mama ya huyu, bibi ya yule, muchumba wa fulani aliyevunja uchumba juzi na leo anatupa kwa hasira. Salon ilikuwa inalia kwa kucheka. Watu wa njiani walisimama dirishani. Mutu akapaza sauti nje: "Dirisha iko hapa! Mukuje!" Wakaja. Walikaa mpaka kwenye ngazi za jirani.

Nilikuwa na furaha. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haikudumu.

Mechi ilikaribia mwisho, Goma walituzidi alama moja. Bwana yangu, macho yanametameta kwa fahari, akaniambia mbele ya wote:

"Unaona, mama ya mutoto? Kazi yako ilirudi. Tena hapa hapa ku nyumba, hata njia haukupanda."

Na mwanaume mumoja mulangoni akaongeza: "Na mechi zote! Kila siku ya Mungu tutakuwa tunakuja. Bale ba televizyo banaonyesha picha, weye unasema. Nani iko na hasara?"

Wakapiga makofi. Nikaelewa. Patron atakuwa na televizyo yake na image yake safi. Bwana wa tai atakuwa na sauti yake nene. Mutaa utakuwa na mechi na kicheko chake. Kila mutu pale amepata kitu chake kamili, na mimi nimepata ruhusa ya kusimama kwenye salon ya watu na mutoto mugongoni, nitengeneze kwa mudomo wangu kile wengine wameharibu kwa makusudi, halafu niende kupika. Na waliona hilo ni mwisho muzuri.

Nikanyamaza.

"Semea!" walisema. "Maman, semea, wanatupa mupira!"

"Hapana."

"Hapana nini? Mechi inaisha!"

"Mimi si redio ya bure. Mukitaka kunisikia, duka la patron liko Nyawera, munalijua, mulisimama pale miaka. Mwende mumuambie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Hakuna aliyekwenda, bila shaka. Walinitukana kidogo, wakacheka kidogo wakidhani ninatania, kisha mutu akapandisha sauti ya televizyo na yule mwanaume akarudi, akisema maneno yake. Kwenye kioo watu walirundikana chini ya ringi. Mupira ukaruka. Ukaingia. Filimbi. Wasichana wetu wakaangukiana, lundo la mikono na miguu kwenye ukungu, na sauti nene ikasema jina refu la lisansi.

"Nani?" salon nzima ikauliza. "Ni nani aliingiza?"

Nilijua. Nilikuwa nimemuona akiinamisha bega la kushoto kabla ya kuruka, kama alivyofanya tangu tuko sekondari. Mujane alikuwa amenishika nguo.  Aliniangalia tu, na yeye hakuwa amenifanyia baya lolote.

Niliinama mpaka sikioni kwake.

"Ni Mama Mapasa," nikamuambia. Polepole, yeye peke yake.

Alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Nani? Nani?" walipiga kelele. "Tuambie na siye!"

Nilifunga mutoto vizuri mugongoni, nikapita katikati yao, nikatoka. Njia nzima mpaka nyumbani, kila nyumba yenye umeme ilikuwa inatoa sauti ileile ya mwanaume.

Mpaka leo kuna watu wa mutaa hawanisalimii, wanasema niliharibu finale yao. Bwana yangu anasema ningeweza kumaliza tu, ilibaki kidogo. Waende wamuulize patron.